Bisibisi Inaruka, Skrubu Haitoki: Anzia Kwenye Tundu la Kichwa

Bisibisi ikiruka mara ya kwanza, acha. Usirudie kwa nguvu zaidi. Mara ya pili inakwangua kingo za tundu, mara ya tatu inazilainisha, na ukifika ya tano umebaki na shimo la mviringo ambalo bisibisi haina pa kulishika. Nimeletewa vifaa vingi vyenye ubovu mdogo kabisa, waya uliochomoka au vumbi lililojaa kwenye feni, lakini vimefika mezani skrubu nne zote zimelika vichwa. Kazi ya dakika 10 ikala mchana mzima, na mchana wenyewe ukaishia kwenye skrubu.

Skrubu nyingi ambazo watu husema zimekwama hazijakwama. Zimeshikwa na bisibisi isiyo yake. Maumbo ya vichwa ni mengi kupita kiasi, hilo kila mtu analijua na linaudhi, lakini umbo geni kabisa si la hatari sana kwa sababu unaliona na unajua huna kifaa chake. Yanayoharibu ni yale yanayofanana: msalaba na msalaba mwenziwe, pembe sita za milimita na pembe sita za inchi, nyota ya ncha tano na nyota ya ncha sita. Hayo yanakubali bisibisi isiyo sahihi iingie, ikae kidogo, kisha yanaliwa.

Kwa hiyo kabla ya kwenda kwenye dalili yako, fanya jaribio hili. Safisha tundu kwanza kwa sindano au ncha ya pini, maana rangi, vumbi na grisi iliyoganda chini ya tundu huzuia ncha isifike mwisho. Weka kifaa mezani, kichwa cha skrubu kikitazama juu. Ingiza ncha, kisha shika mpini kwa vidole viwili tu na uutikise kushoto na kulia bila kukandamiza. Ncha iliyo sahihi hutulia. Unahisi bisibisi na skrubu vimekuwa kitu kimoja. Ikicheza hata kidogo, badilisha kabla hujazungusha. Jaribio hili huchukua sekunde 5.

Dalili: ncha ya msalaba inapanda na kuruka nje kila ukizungusha

Hii ndiyo inayoleta vilio vingi, na chanzo kikubwa ni kwamba tunaita "nyota" vitu vitatu au vinne tofauti. Ukiomba bisibisi ya nyota unaweza kupewa ya msalaba wa Phillips, ukapewa Pozidriv, au ukapewa Torx ambayo kweli ina umbo la nyota. Mimi siku hizi nataja jina na namba, au naibeba skrubu yenyewe.

Phillips ni msalaba wa kawaida. Wazo la mwanzo lilikuwa la J. P. Thompson, na Henry F. Phillips wa Portland, Oregon, akaliendeleza na kupata hataza mwaka 1936. Viwanda vya magari vya Marekani vililipenda kwa sababu ncha hujiweka katikati yenyewe mashine inapoishusha. Lakini angalia kuta za tundu lake: zimeinama, zinapanuka kuelekea juu. Ukizungusha, mwinamo huo huisukuma ncha itoke. Ndiyo maana Phillips inataka mkono ukandamize zaidi ya unavyozungusha. Mtu anayezungusha kwa nguvu huku amekandamiza kidogo ataruka tu, hata bisibisi ikiwa sahihi.

Pozidriv inafanana nayo mpaka uisogeze karibu na jicho. Shika skrubu mwangani: kati ya mikono minne ya msalaba utaona mistari minne myembamba, imechorwa kwa mshazari wa nyuzi 45. Wengi hudhani ni urembo. Ni alama ya kukuambia kuta za tundu hili zimesimama karibu wima na kwamba kuna mbavu ndogo za ziada katikati ya mikono. Ncha ya Phillips (PH) ikiingia kwenye tundu la Pozidriv (PZ) inacheza na kushika kwa juu juu. Ncha ya PZ kwenye tundu la PH haifiki chini, kwa sababu mbavu zake hazina pa kuingia. Kwa vyovyote vile tundu linaharibika. Skrubu nyingi za mbao na za bawaba za makabati huwa za PZ2, na watu huzifunga kwa PH2 maisha yao yote wakilaumu ubora wa skrubu.

Wa tatu ni JIS, msalaba wa viwango vya Japani. Utaukuta kwenye pikipiki za Kijapani, kamera, na vyombo vya muziki vya miaka ya nyuma. Skrubu nyingi za aina hii zina kinukta kimoja kilichobonyea pembeni mwa kichwa. Ncha ya Phillips ina mviringo kwenye shina la msalaba wake unaoizuia isizame mpaka mwisho wa tundu la JIS; inakaa juu, inashika kwa kingo, kisha inakula. Kinyume chake hakina shida kubwa: bisibisi ya JIS hukaa vizuri kwenye skrubu za Phillips. Kama huna JIS na lazima ufungue, chukua PH2 ya zamani na uikate ncha yake kidogo sana kwa tupa, robo ya milimita hivi, ujaribu, ukate tena ikibidi. Itazama zaidi. Usifanye hivyo kwa bisibisi yako nzuri.

Baada ya umbo, angalia namba. Ndogo huanza PH000 na PH00 kwenye simu na miwani, PH0 na PH1 kwenye redio na kompyuta za mapajani, PH2 kwenye skrubu nyingi za nyumbani, PH3 kwenye zile nene za bawaba za milango mizito. Kosa la kila siku ni kutumia PH1 kwenye tundu la PH2. Inaingia bila ubishi, kwa hiyo unadhani imekaa. Kanuni yangu ni kuanza na ncha kubwa kuliko unavyodhani na kushuka. Ya kwanza inayofika chini ya tundu ndiyo yenyewe. Ukianza na ndogo na kupanda, utaridhika mapema.

Halafu geuza bisibisi uitazame yenyewe. Ncha nzima ina kingo kali zenye pembe. Iliyochoka imeng'aa, kingo zimekuwa laini, na mara nyingine mapezi yake yamejipinda upande mmoja kama parafujo. Ncha kama hiyo itaharibu kila skrubu itakayoigusa. Itupe. Bisibisi moja ya PH2 yenye chuma kigumu inafaa kuliko kisanduku cha ncha 100 za chuma laini, na hili nalisema kama mtu aliyewahi kununua hicho kisanduku.

Mashine ya umeme nayo ina dhambi zake. Ikiwekwa kasi ya juu, inaruka mara 20 kabla hujaachia kitufe. Weka kasi ya chini, punguza namba ya klachi (pete inayoweka kikomo cha nguvu ya kukaza), na robo ya mwisho ya kukaza imalizie kwa mkono.

Dalili: kwenye skrubu za kubana nyaya za swichi au soketi, hakuna bisibisi inayokaa sawa

Zima umeme kwenye swichi kuu, upime kwa kipimo cha umeme kwamba kweli haupo, ndipo uendelee.

Skrubu za kubana nyaya kwenye vikata umeme nyingi zina tundu mseto: ni mfuo wa bapa na msalaba vilivyochanganywa. Ukiweka bapa inateleza pembeni. Ukiweka PZ2 kamili haizami, kwa sababu mikono miwili ya tundu ni mipana na miwili ni myembamba. Ipo bisibisi yake, imeandikwa PZ/S au PH/S. Mtu anayefanya kazi ya umeme kila siku anaihitaji kuliko kitu kingine chochote kilichoandikwa hapa, kwa sababu skrubu ya waya isiyokazwa vizuri hupata joto, na joto hilo likiendelea huchoma plastiki.

Dalili: bisibisi bapa inateleza pembeni na kukwaruza kifaa

Mfuo mmoja, umbo la kale kuliko yote, na bado watu hulikosea. Ncha ijaze mfuo kwa upana na kwa unene. Ikiwa nyembamba, nguvu yote inakwenda kwenye pembe mbili ndogo na mfuo unapasuka midomo. Ikiwa nene, haizami. Ikiwa pana kuliko kichwa, inachana mbao au rangi ya pembeni.

Bisibisi bapa nyingi zimechongwa kama patasi, zinanenepa kuelekea juu, kwa hiyo nazo hupanda na kutoka. Ukitaka ishike, tupa inatosha: chonga pande zote mbili za ncha mpaka milimita 2 au 3 za mwisho ziwe na unene uleule, na mwisho wake uwe tambarare. Skrubu za saa, za bunduki za kale na za samani za thamani hufunguliwa kwa ncha zilizochongwa hivyo, na kwa vitu vya namna hiyo kuchonga ncha mahususi kwa skrubu moja si kupoteza muda.

Dalili: funguo ya alen inazunguka ndani ya tundu la pembe sita

Hapa kuna adui mmoja mkuu: inchi na milimita. Alen ya inchi 5/32 ni milimita 3.97, na ya milimita 4 ni 4. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, jirani ya 8. Hizo mbili zinakaribiana kiasi kwamba unaweza kuzibadilisha usione madhara makubwa. Balaa liko kwenye 3/32, ambayo ni milimita 2.38, ikitiwa kwenye tundu la 2.5; au 3/16, ambayo ni 4.76, kwenye tundu la 5. Inaingia, inazunguka kidogo, unahisi imeshika, kisha unasikia mlio mdogo wa kukatika na pembe sita zimekuwa duara.

Tenganisha seti hizo mbili. Usiziweke kwenye mfuko mmoja. Na alen zilizokuja bure na meza ya kuunganisha mwenyewe, zitumie kwa meza hiyo, usizigeuze kuwa vifaa vya kazi. Chuma chake ni laini na pembe zake hulika upesi. Ukikuta moja imelika, kata milimita 3 za mwisho kwa jiwe la kusaga na utapata pembe mpya chini yake.

Alen ikiingia kwenye tundu la Torx nayo huonekana kama imekaa. Kama tundu lina mabonde sita ya mviringo badala ya pembe sita zilizonyooka, hiyo ni Torx. Acha alen.

Dalili: Torx inaingia lakini inacheza

Torx ilitoka Marekani mwaka 1967, na kwa maoni yangu ni moja ya vichwa vizuri kuliko vyote kwa sababu kuta zake zimesimama wima na haisukumi bisibisi nje. Ikishindwa, karibu kila mara ni namba. T8 na T9 zinafanana machoni, vivyo hivyo T25 na T27. Tumia kanuni ileile ya kushuka kutoka kubwa. Kama ncha haizami kabisa ingawa upana ni sawa, chungulia katikati ya tundu: huenda kuna kijiti kilichosimama. Hiyo ni ya usalama, na inataka ncha yenye tobo katikati. Kwenye skrubu ndogo kijiti hicho huvunjika kwa kugongwa kidogo na bisibisi bapa nyembamba pembeni mwake, lakini ncha yenye tobo ni njia safi zaidi.

Dalili: umbo hulitambui kabisa

Hesabu pembe, au mapezi.

Mapezi matatu yanayotoka katikati kama herufi Y: hiyo huitwa tri-wing, imo kwenye vifaa vingi vya michezo ya video na ndani ya simu. Msalaba mdogo wa PH000 unaweza kushika, lakini kwa kubahatisha.

Nyota ya ncha tano zilizoviringika: pentalobe, ambayo Apple waliianza mwaka 2009 kwenye kompyuta zao, kisha ikaja chini ya iPhone. Ile ya iPhone huitwa P2 na ina upana wa milimita 0.8. Watu huilazimishia Torx ndogo. Tano haiwezi kuwa sita. Inashika mara moja, mara ya pili imelika, na skrubu ya milimita 0.8 haina nyama ya kuchezea.

Tundu la mraba: Robertson, ya Peter Lymburner Robertson wa Canada, aliyeibuni mwaka 1908. Ukiiweka kwenye ncha yake na kuigeuza itazame pembeni, skrubu hubaki pale pale bila sumaku. Saizi zake zinatambuliwa kwa rangi ya mpini: namba 0 njano, 1 kijani, 2 nyekundu, 3 nyeusi. Ningependa viwanda vyote vingefanya hivyo.

Vishimo viwili vilivyokaa kama macho: inataka uma wa meno mawili, koleo lenye ncha nyembamba sana huweza kuokoa. Kichwa kilichochomoza nje chenye mabonde pembeni, ndani ya tundu refu la plastiki: hiyo ni ya Nintendo, milimita 3.8 kwa kaseti za michezo na 4.5 kwa mashine zenyewe. Na ukikuta mfuo ambao upande wa kukaza una ukuta na upande wa kufungua ni mteremko mtupu, hiyo imetengenezwa isifunguliwe. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya vichwa vilivyolika.

Simu ya mkononi ni msaada mkubwa hapa: piga picha ya kichwa kwa karibu, kisha ikuze. Macho hudanganya kwenye milimita 1. Picha hudanganya kidogo.

Dalili: ncha imekaa sawasawa, haichezi, lakini skrubu haigeuki

Sasa ndiyo imekwama kweli. Kwanza hakikisha unazungusha upande sahihi. Pedali ya kushoto ya baiskeli, nati inayoshika mapanga ya feni nyingi za mezani, na skrubu iliyofichwa ndani ya mdomo wa drili, zote zina hesi (mifuo inayozunguka shina) za kinyume; hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Nimeona mtu mwenye mikono ya chuma akiikaza nati ya feni kwa nusu saa akiamini anaifungua.

Pili, jaribu kukaza kidogo kabla ya kufungua. Ni robo ya robo ya mzunguko tu, kiasi cha kuvunja ganda la kutu. Mara nyingi utasikia mlio mkavu, kisha inarudi nyuma bila ubishi.

Kama hapana, tazama rangi ya uchafu. Kutu ya kahawia ni chuma kwa chuma: tia mafuta ya kupenyeza, gonga kichwa mara kadhaa kwa nyundo ndogo ili yapenye kwenye hesi, uache saa kadhaa au usiku mzima. Watu hutia mafuta na kushika bisibisi hapo hapo. Mafuta hayajafika popote. Unga mweupe ni skrubu ya chuma cha pua ndani ya alumini, hasa penye maji ya chumvi, na hapo joto hufanya kazi kuliko mafuta. Alumini hutanuka kuliko chuma cha pua kwa joto lilelile, kwa hiyo ukipasha moto mwili wa alumini tundu hufunguka kuliko skrubu inavyonenepa.

Gundi ya hesi, utaiona kama mabaki ya bluu au mekundu. Ya bluu huachia kwa nguvu ya mkono na bisibisi sahihi. Nyekundu inataka joto kali, zaidi ya nyuzi 250 za Selsiasi. Kwenye skrubu ndogo za kompyuta, weka ncha ya chuma cha kulehemu juu ya kichwa kwa sekunde 20 au 30, kisha fungua ingali moto. Usifanye hivi karibu na betri. Betri ya lithiamu ikipata joto inaweza kuwaka, na moto wake hauzimiki kirahisi.

Kwa skrubu za injini kuna bisibisi ya kugonga: unaipiga nyundo kwa nyuma, nayo inageuza ncha huku ikiikandamiza tunduni kwa wakati uleule. Kwa vifuniko vya pikipiki sijaona kinachoishinda. Kwenye plastiki au kioo usiiguse.

Dalili: kichwa kimeshalika

Fuata mpangilio huu, kutoka hatua isiyoharibu kwenda inayoharibu.

Jaribu ncha kubwa kwa saizi moja, mpya, yenye kingo kali, ukiweka ndani ya tundu tone la grisi yenye mchanga ya kusagia valvu. Chembe zake huuma pande zote mbili. Raba bendi iliyotandazwa juu ya tundu ndiyo ushauri unaosambaa zaidi, na inafaa pale tu ambapo tundu limelika kidogo. Likishakuwa duara, raba inakatika na vipande vinajaa tunduni.

Kama kichwa kimechomoza, achana na tundu. Kishike kwa nje kwa plaizi ya kubana na ukizungushe. Ajabu ni wangapi wanahangaika saa nzima na tundu la skrubu ambayo ina kichwa kizima cha kushika.

Kwa tundu la pembe sita lililolika, chukua ncha ya Torx iliyo kubwa kidogo na uigonge ndani kwa nyundo. Inajikatia njia yake. Ncha hiyo huenda usiitumie tena, hivyo tumia ya bei nafuu.

Kwa msalaba uliolika, kata mfuo mpya kwa msumeno wa chuma au kijiwe cha kukatia, utumie bisibisi bapa. Kata katikati kabisa, usizidi theluthi mbili ya unene wa kichwa, la sivyo kinapasuka vipande viwili. Kama kuna saketi karibu, ifunike kwa utepe wa karatasi wenye gundi kabla hujakata: chembe moja ya chuma kati ya miguu miwili ya chipu inatosha kuua kifaa ulichokuwa unakiokoa. Vaa miwani.

Mwisho ni drili. Biti ya kuzungukia kushoto ikipatikana ni bora, kwa sababu wakati inatoboa inaweza kuing'ang'ania skrubu na kuitoa. La sivyo, toboa kichwa kwa biti yenye unene sawa na shina mpaka kichwa kitoke. Kifuniko kikishaondoka, shina linalobaki halina tena mvutano, na mara nyingi linafunguka kwa koleo na vidole.

Dalili: inazunguka bila mwisho na haitoki

Usiendelee kuzungusha. Ama hesi za plastiki zimelika, ama kikombe cha shaba kilichopachikwa ndani ya plastiki kinazunguka pamoja na skrubu, ama kuna nati kwa nyuma isiyoshikwa. Penyeza kitu chembamba cha plastiki chini ya kifuniko karibu na skrubu hiyo, uinue taratibu wakati unafungua. Mvuto huo huzipa hesi zilizobaki mahali pa kuuma, au hukibana kikombe kisizunguke.

Kurekebisha: kwa mbao, jaza tundu kwa njiti za kiberiti zilizopakwa gundi ya mbao, zikatwe zilingane, skrubu irudi gundi ikishakauka. Kwa plastiki, skrubu nene kidogo isiyo ndefu zaidi. Kwa kikombe cha shaba, gundi ya epoksi nje yake, kidogo sana, na uhakikishe haijaingia kwenye hesi.

Dalili: kichwa kinakatika wakati wa kufunga

Skrubu za shaba kwenye mbao ngumu. Shaba ni laini, mbao haina huruma. Toboa tundu la mwanzo, funga kwanza skrubu ya chuma ya saizi ileile ili ikate njia, itoe, paka nta kwenye ile ya shaba, kisha uifunge kwa mkono. Nta ni bora kuliko sabuni, maana sabuni hunyonya unyevu na baadaye inaleta kutu.

Wakati wa kurudisha

Hapa ndipo nusu ya matatizo ya kesho yanapozaliwa. Chora umbo la kifaa kwenye karatasi, na kila skrubu ichomeke mahali pake. Kwenye simu, skrubu zinazofanana machoni hutofautiana sehemu za milimita kwa urefu, na ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inakata nyaya zilizomo ndani ya bodi. Kifaa kilichokuwa kinahitaji kioo tu kinakufa hivyo.

Kwa skrubu yoyote inayorudi kwenye plastiki, usianze kwa kukaza. Iweke tunduni, izungushe kinyume na mwendo wa saa, polepole, mkono ukiwa mwepesi. Baada ya nusu mzunguko au zaidi utahisi inashuka ghafla kidogo, na ukitega sikio utasikia: tk. Hapo hesi ya skrubu imedondokea kwenye njia yake ya zamani. Sasa geuza upande, kaza kwa vidole mpaka igote, ongeza kidogo, uache.